Mzunguko Ambao Sikuuandika

Mume wangu Verlon alipita mbele ya macho yangu zaidi ya mara elfu thelathini, na mara moja tu sikumwona. Hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuieleza. Wajukuu wameanza kuuliza kwa nini babu yao hakuwahi kushinda, na watu wanaojua jibu tumebaki wawili, mimi na shemeji yangu Coy, ambaye Verlon alikuja kumwambia uzeeni, na Coy siku hizi hasikii vizuri.

Verlon Absher aliendesha magari ya mbio kwa miaka kumi na sita. Kama hamjapata kusikia jina lake, si kosa lenu. Alianza mwaka 1958 kwenye malisho ya ng'ombe ya mjomba wake, hapa kwetu chini ya milima ya Brushy, Carolina Kaskazini, akaacha mwaka 1974. Siku za kazi alipiga msasa viti katika kiwanda cha samani. Mwisho wa juma alifunga gari lake kwenye trela akaenda kushindana na watu waliokuwa na mafundi kumi, wakati yeye alikuwa na Coy, ndugu yake, basi. Gari lenyewe, Ford namba 73, walilijenga nyuma ya nyumba kwa vipande ambavyo wakubwa wa mchezo ule walikuwa wameshavichoka. Mlango wa kushoto ulikuwa na rangi ya mtu mwingine hadi mwisho.

Kwa kawaida alimaliza wa kumi na nane, au wa ishirini na mbili. Wakubwa walipomkaribia kutoka nyuma alisogea chini awapishe, na alisogea vizuri, bila kuwayumbisha, ndiyo maana walimpenda. Watazamaji je? Siku moja kule Virginia mtu mmoja alipiga kelele kutoka jukwaani, "Absher! Tazama kioo, kuna trekta linataka kupita!" Verlon mwenyewe alikuja kuisimulia kanisani, akicheka kuliko waliosimuliwa.

Kazi yangu ilikuwa kumhesabu. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kufanya hivyo. Kila gari lilikuwa na mtu wake wa kuhesabu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mke wa dereva. Tulikaa kwenye mabenchi, juu ya jukwaa la mbao lililoelekea mstari wa kumalizia, kila mmoja na kadi yake magotini na saa kubwa mbele yetu sote. Gari lako likivuka mstari, unatazama saa, unaandika muda kwenye kisanduku cha mzunguko ule. Likivuka tena, unaandika tena. Mbio zikiisha, wasimamizi wa mbio wanakusanya kadi, na kadi ndizo zinazosema nani kashinda. Gari likivuka mstari na mwenye kadi asiandike, mzunguko huo hauko. Dereva ameuendesha bure.

Mimi nilikuwa naifaa kazi hiyo. Katika kiwanda cha soksi nilihesabu dazeni kwa dazeni tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na msimamizi wangu hakuwahi kurudia kazi yangu kuikagua. Verlon naye aliniamini hivyo hivyo. Ndani ya gari hakuwa na redio wala mtu wa kusema naye. Aliniambia wakati fulani kwamba kelele ya injini ikikaa sana masikioni inakuwa kama kimya, unajiona uko peke yako duniani. "Halafu napita pale," akasema, "naiona ile skafu yako ya kijani, najua kuna mtu kaniandika."

Karibu yangu kila mara alikaa Maxine Rhyne. Mume wake, Talmadge, alikuwa mmoja wa wale wanaoshinda. Maxine angeweza kukaa mbele kabisa na wake wa wakubwa wenzake, lakini mwaka wangu wa kwanza aliniona nikihangaika na jua, akahamia kwenye benchi langu na mwavuli wake. Hakurudi mbele tena. Yeye alileta chai ya barafu kwenye chupa, mimi nilileta mikate midogo ya maziwa yenye paja la nguruwe ndani. Tulikula kabla ya bendera, maana bendera ikishapungwa hatukugusa kitu wala hatukutazamana.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Agosti mwaka 1968, katika uwanja wa Brushy Fork, maili kumi na moja kutoka nyumbani. Mizunguko mia tatu, kila mzunguko nusu maili. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami.

Asubuhi ile mambo mawili mema yalitupata. La kwanza, Talmadge alikuja kwenye trela letu akivingirisha tairi kwa mguu, na fundi wake akivingirisha jingine nyuma yake.

"Zipo nne," akasema. "Zimekwenda mizunguko kumi tu. Chukua kabla sijapata akili."

"Ukinipa hizo nitakupita," Verlon akamwambia.

"Ukinipita nazidai pale pale barabarani. Utarudi kwenu kwa rimu."

Wakacheka wote wawili. Talmadge alikuwa akimpa Verlon matairi kwa miaka mingi, na kila mara alitafuta mzaha wa kuyafunika, ili yasionekane kuwa msaada.

La pili lilihusu mahali pa kusimama. Wakati wa mbio gari linaingia njia ya ndani, kando ya ukuta mdogo, linasimama kwenye kituo chake kubadilishiwa matairi na kutiwa mafuta. Sisi wadogo kila uwanja tulipewa kituo cha mwisho kabisa, kule nyuma, kabla ya mstari. Siku ile injini ya mmoja wa wale wakubwa ilipasuka kwenye mazoezi, akaenda zake, na mzee aliyekuwa akigawa vituo akamwita Verlon. "Bwana Absher," akasema, "miaka kumi nakutupa kule kwenye magugu. Leo chukua hiki cha mbele." Kituo hicho kilikuwa mbele ya mstari. Ili kukifikia, gari lilipaswa kuvuka mstari ndani ya ile njia ya ukutani.

Coy akaniambia, "Shemeji, leo tuko huku mbele."

Nikamjibu, "Nimeona." Na kweli nilikuwa nimeona.

Mbio zikaanza. Joto likaanza kuwala wakubwa mmoja mmoja, huyu injini, yule breki. Verlon aliliendesha gari lake kama mtu anayebeba mayai. Kufikia mzunguko wa mia moja alikuwa wa tisa, na kufikia mia moja na hamsini, wa tano. Ilipofika mia mbili, mbele yake alikuwa Talmadge peke yake, na Verlon alikuwa anamwona.

Katika mzunguko wa mia mbili na kumi na mbili magari mawili yaligongana kwenye kona ya pili, mengine yakaingia humo humo. Moshi na vumbi vikafunika kona yote. Bendera ya manjano ikapungwa, magari yote yapunguze mwendo na kufuata gari la kuongoza. Talmadge alikuwa ameingia ndani ya moshi ule, na Verlon nyuma yake.

Maxine alifunika uso kwa mikono yote miwili. Penseli yake ikaanguka chini ya benchi.

"Simwoni," akasema. "Iva, simwoni. Simwoni."

Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika kaka yake kwa mchezo huo huo. Nilimshika mkono.

"Mimi namwona," nikamwambia. "Katoka. Ubavu umekwaruzwa tu. Anakuja huyo, mwenzangu, fungua macho."

Hakuweza kufungua. Gari la Talmadge likaja polepole, likavuka mstari, na kadi yake iko magotini kwa Maxine, nyeupe. Nikaichukua. Nikatazama saa, nikamwandikia: saa moja, dakika thelathini na mbili, sekunde kumi na nne. Nikainama kumwokotea penseli, nikamwekea mkononi, nikamfungia vidole juu yake.

Nilipoinua macho, Verlon alikuwa amekwisha simama kituoni na Coy ameinua gari kwa jeki. Nikashukuru kumwona mzima. Moyo wangu ukasema: kaingia kituoni, mzunguko wake haujakamilika, msubiri avuke. Kwa miaka kumi ilikuwa hivyo, kwa sababu kwa miaka kumi kituo chetu kilikuwa nyuma ya mstari. Nikamsubiri. Akatoka kituoni, akazunguka uwanja nyuma ya gari la kuongoza, akavuka mstari, nami nikaandika. Mia mbili na kumi na mbili.

Ilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

Zilizobaki nilimwona kila mara, sikukosea tena. Alimpita Talmadge mizunguko kumi na nane kabla ya mwisho, kwa ndani, kwa matairi ya Talmadge mwenyewe. Watu waliokuwa wakimfananisha na trekta walisimama. Mimi nililia huku nikiandika, maana nilidhani anajirudishia mzunguko aliokuwa amepungukiwa, na hilo tu lilinitosha.

Akavuka mstari wa mwisho mbele ya Talmadge kwa urefu wa magari matano. Mwenye bendera, aliyekuwa akipelekewa hesabu zetu, hakumpungia. Alingoja, akampungia Talmadge.

Verlon alizunguka mara moja zaidi, mkono wake uko nje ya dirisha, kisha ukarudi ndani. Nilimwona akiurudisha.

Niliposhuka, Coy alikuwa amemvaa msimamizi wa mbio kifuani. "Ameshinda! Una macho wewe? Nenda kahesabu tena!"

"Kadi yenu inasema mia mbili tisini na tisa," yule msimamizi akasema. "Mkipinga, mna nusu saa."

Verlon alikuwa ameketi juu ya ukuta, uso mweusi kwa masizi, macho mawili meupe. Akanitazama.

"Iva. Ngapi?"

"Mia mbili tisini na tisa," nikasema.

"Basi." Akasimama. "Iva akisema mia mbili tisini na tisa, ni mia mbili tisini na tisa. Coy, mwache mzee wa watu." Akaenda alikokuwa Talmadge, akampa mkono. Nilimsikia Talmadge akisema, "Jamani, nilidhani umeniua leo," na Verlon akamjibu, "Mara nyingine." Akapiga naye picha, yeye pembeni.

Wa pili. Hakupata kufika hapo kabla wala baada. Usiku ule watu walileta mikate ya mahindi na maharage nyumbani kwetu kana kwamba kuna harusi.

Kadi zetu zilikuwa na nakala ya kaboni, nayo nakala tuliruhusiwa kwenda nayo. Jumanne mchana, nikiwa peke yangu, niliitoa nione tena jinsi alivyokuwa akimkaribia Talmadge. Nikasoma namba moja moja. Nilipofika mia mbili na kumi na mbili nikaona pengo: dakika mbili kasoro kidogo. Mwanzo nilidhani ni kusimama kwake. Lakini Coy alikuwa amejisifu njia nzima kwamba siku ile walibadilisha matairi mawili tu, gari likatoka kabla hujamaliza kupiga chafya. Basi dakika mbili zimetoka wapi? Nikaketi pale na kidole juu ya kile kisanduku. Nikakiona kile kituo cha mbele. Nikauona mstari unavyoshuka hadi kwenye njia ya ukutani. Nikaiona mikono yangu, ikiandika kwenye kadi ya mtu mwingine.

Sikuwaza sana kama nimwambie au nisimwambie. Mtu aliyekwisha sema "Iva akisema" mbele ya watu huwezi kumficha.

Alikuwa chini ya gari, nyuma ya nyumba, viatu tu viko nje. Nikaviambia viatu. Nilieleza yote, na penseli, na kaka yake Maxine, na kwamba mzunguko wa Talmadge niliuandika na wake sikuuandika. Nilisema ameshinda, na nusu saa ya kupinga imepita tangu juzi, na kwamba nitakwenda kwa wasimamizi wa mbio hata hivyo, niwaeleze.

Sauti ya spana ilikoma. Nikasikia kuku wa jirani.

"Usiende," akasema hatimaye. "Watamwandika Talmadge tena magazetini, wamnyang'anye ushindi, na mkewe atajua ni kwa nini. Usimwambie mtu."

"Sawa."

"Nipe spana ya nusu inchi. Iko hapo kwenye ndoo."

Nikampa. Mkono wake ukaipokea bila kugusa wangu.

Ijumaa, wakati wa chakula cha jioni, akasema, "Bwana Pardue atahesabu Jumapili." Huyo alikuwa jirani yetu, mzee aliyestaafu kupeleka barua, mtu makini asiye na maneno. Verlon aliyasema hayo huku akijipakulia maharage. Nikamwambia, "Ni mtu mzuri." Akasema, "Ndiyo, mzuri." Tukala.

Sitaki mseme babu yenu alikuwa mkali. Hakuniinulia sauti siku hiyo wala siku nyingine. Aliendelea kunipashia moto injini ya gari asubuhi za baridi kabla sijaenda kiwandani, na nilipougua mapafu alilala sakafuni kando ya kitanda ili asinisukume. Lakini kwenye pikapu, mahali pangu, palikaa sanduku la spana. Bwana Pardue alisafiri na gari lake mwenyewe, Coy alilala kwenye kiti cha nyuma, na mbele Verlon aliendesha na lile sanduku hadi Alabama, hadi Virginia, hadi Florida, na kurudi. Nilimfungia mikate kwenye karatasi ya nta. Alirudi na karatasi imekunjwa vizuri, mfukoni.

Miaka sita ikapita hivyo. Siku za mbio nilikaa jikoni na redio. Redio haikuwa na habari za wa kumi na tisa. Walitaja wanaoongoza, na waliogonga ukuta. Kwa hiyo nilimsikiliza Verlon katika yale wasiyoyasema. Wakisema gari limegonga, nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, nikingoja namba. Wakitaja namba nyingine, niliketi, nikamwombea mke wa huyo. Wakati mwingine nilijikuta nimeshika penseli. Niliandika nyuma ya bahasha, sekunde ishirini na nne, sekunde ishirini na nne, nikimkisia tu. Mbio zikiisha nilizitupa bahasha kwenye jiko.

Matairi ya Talmadge nayo aliyakataa. Sikuwepo, Coy ndiye aliyeniambia. Talmadge alikuja akivingirisha lake kwa mguu kama kawaida, na mzaha wake kama kawaida, na Verlon akasema, "Asante, nina yangu." Talmadge akabaki na tairi lake, hajui alirudishe vipi. Tangu hapo Verlon aliendesha kwa matairi yaliyokwisha, na trela letu likaegeshwa mbali na ya wengine, huko kwenye magugu, peke yake. Coy alisema alikula chakula chake ndani ya gari la mbio, kofia magotini, mlango umefungwa, hata kabla ya mbio kuanza.

Maxine alinipigia simu vuli ile ya kwanza.

"Iva, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwenzangu. Ni magoti. Zile ngazi siziwezi tena."

"Magoti," akasema. "Haya. Yapake mafuta ya kambari."

Hakuna mafuta ya kambari ya magoti. Alikuwa ananitania ili nicheke nimweleze, nami nilicheka, sikumweleza. Alipiga mara mbili tatu zaidi, kisha ikawa kadi za Krismasi.

Mwaka 1974 macho ya Verlon yalianza kuchoka. Akasema Brushy Fork ya Oktoba itakuwa ya mwisho. Hakuna gazeti lililoandika. Alimwambia msimamizi wake kiwandani, akamwambia mchungaji, akaniambia mimi.

Asubuhi ya siku hiyo niliandaa mikate yake kama siku zote. Nilipokwenda kuweka sahani mezani nikakuta penseli kando ya mahali pangu. Ilikuwa mpya, imechongwa kwa kisu chake cha mfukoni; aliichonga ndefu, jinsi nilivyokuwa nikipenda. Verlon alikuwa uani, mgongo wake kwangu, anatoa lile sanduku la spana kwenye pikapu na kuliweka nyuma.

Niliingia chumbani nikatafuta skafu ya kijani. Ilikuwa na tundu la nondo. Nikaivaa.

Njiani alisema tu, "Bwana Pardue ana harusi ya mjukuu wake." Coy, kutoka nyuma, akasema, "Mjukuu gani? Pardue hana—" kisha akageuka kutazama nje dirishani hadi tulipofika.

Nilipanda ngazi za jukwaa polepole, na magoti kweli sasa yalikuwa yanauma. Maxine alikuwa pale pale. Kando yake, mahali pangu, palikuwa na mkoba wake. Aliponiona hakusimama. Aliuchukua mkoba akauweka magotini, kama mtu aliyekuwa ananingoja nirudi kutoka msalani.

Mwanamke mmoja kijana aliyekaa nyuma yetu akasema, "Kumbe hapo pana mtu! Sisi miaka yote tunafukuzwa na huo mkoba."

"Magoti yake yalikuwa yanauma," Maxine akamjibu bila kugeuka. Akanimiminia chai.

Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale. Lakini Verlon alikuwa amesema nisimwambie mtu, na bendera ilikuwa inakaribia. Nikamega mkate, nikampa nusu.

Verlon alianza wa ishirini na tisa. Kufikia mzunguko wa hamsini wakubwa walikuwa wamempita mara mbili, naye akasogea chini kuwapisha, vizuri, bila kuwayumbisha. Nilimwandika. Mzunguko wa mia injini ilianza kukohoa, akaingia kituoni, kile cha mwisho, kule nyuma. Coy akaingiza kichwa chini ya boneti, akamrudisha. Sikuacha kumtazama. Maxine alikuwa na gari lake la kuandika, mimi langu, na hatukutazamana.

Talmadge aliongoza, akapitwa, akaongoza tena. Sijui nani alishinda siku ile. Nadhani niliwahi kuambiwa.

Karibu na mwisho moshi wa bluu ulianza kutoka chini ya 73, kisha mweupe. Alizunguka kwa mwendo wa baiskeli, chini kabisa ya barabara. Aliponipita kwa mara ya mia mbili arobaini na sita nilijua kwamba hatafikisha nyingine. Akaingia kona ya kwanza, ya pili. Akapotea nyuma ya kilima walichokaa watazamaji. Nikangoja. Wengine wakapita, wakapita tena. Kwenye saa dakika moja iliisha, nyingine ikaanza.

"Iva," Maxine akasema kwa sauti ndogo, macho yake barabarani. "Njia ya ndani."

"Namwona," nikamwambia.

Nilikuwa nimemwona kabla hajasema. Injini ilikuwa imekufa. Alikuwa ameliacha gari litelemke lenyewe kutoka kona ya nne, limeingia njia ya ukutani bila sauti yoyote, linapungua mwendo, linapungua. Akapita kituo chetu. Coy alikuwa ameinua mikono kumpokea, akaona anampita, akabaki vile vile na mikono hewani. Verlon hakusimama. Aliliacha liende, mtu angeweza kutembea kando yake, hadi gurudumu la mbele likagusa mstari, na la nyuma likauvuka. Ndipo akasimama, chini ya miguu yetu kabisa.

Mkono wake ukatoka dirishani. Hakupunga. Aliutoa tu akauacha pale, kiganja wazi, na uso wake, na kofia bado kichwani, ukainuka kutazama jukwaani.

Nikatazama saa, nikaandika. Kisha nikainua penseli juu, mahali ambapo angeiona.

Mkono ukarudi ndani.

Tulipakia gari wenyewe, watatu, na Talmadge akaja kusukuma. Hakuna aliyemwita. Alisukuma kwa bega upande wa mlango wenye rangi ya mtu mwingine, akasema, "Absher, hili dude lako zito kama dhambi," na Verlon akamwambia, "Matairi mabaya. Hakuna mtu wa kunipa mazuri." Talmadge alimtazama kidogo, akacheka sana, kuliko ilivyostahili, akapangusa macho kwa mkono wa shati.

Coy alikuwa akifunga minyororo ya trela. "Mia mbili arobaini na sita," akasema. "Si mbaya kwa gari lililokufa. Ule wa mwisho sidhani kama—"

Verlon alikuwa ameshika mlango wa pikapu upande wangu, ameufungua.

"Iva. Ngapi?"

"Mia mbili arobaini na saba."

"Basi," akasema. "Iva akisema arobaini na saba, ni arobaini na saba." Akangoja niketi vizuri, akafunga mlango.